Vipepeo Wawili Ndani ya Nge

Walioipa nebula moja jina la Kipepeo, kisha nyingine nayo Kipepeo, hawakufikiria kuna siku majina hayo yangefika Ogembo, ambako tayari tuna kazi ya kutosha na Nyamira, Nyamache, Nyamaiya na Nyamarambe. Stendi ya darubini yangu ilipakiwa Nairobi, karatasi imeandikwa Nyamache kwa herufi kubwa. Ikashuka Nyamira na kulala huko wiki nzima.

Ilipofika, mawingu ya Julai yalikuwa yameachia anga na Nge alikuwa amekunja mkia wake upande wa kusini. Nilimwambia mpwa wangu amtafute Kipepeo. Alimpata upesi, akapiga makofi. Kumbe amenasa M6, kundi la nyota ambalo hata si nebula, ingawa nalo huitwa Kipepeo. Nebula yenyewe, NGC 6302, imo humo humo ndani ya Nge: ni gesi inayotupwa na nyota iliyozeeka, na kwa darubini ndogo ni doa tu la ukungu. Mtoto alitazama doa, akanitazama mimi, akarudi kwa kipepeo wake.

Paka naye kakatwa vipande. Jicho la Paka, NGC 6543, William Herschel aliliona mwaka 1786 katika anga ya kaskazini. Wayo wa Paka, NGC 6334, uligunduliwa na mwanawe John mwaka 1837, akiwa Rasi ya Tumaini Jema. Hayo majina ya paka yalibandikwa na watu wa baadaye. Na usidhani ni ndugu: jicho ni nyota inayokufa, wayo ni mahali nyota zinapozaliwa. Sisi wa Ogembo twauona wayo vizuri. Jicho hubaki chini kule kaskazini, na mikaratusi ya jirani imelimeza.

Baba Mdogo alikuwa kimya muda wote huo. Ana kesi ya mpaka katika korti ya Ogembo, na kesi hiyo imemfunza kwamba majina ya watu hayatoshi. Shamba hujulikana kwa namba.

“Achana na paka,” alisema. “Nipe namba.”

Nikamwambia NGC ni orodha aliyoichapisha Dreyer mwaka 1888. Nebula ya Pete ni NGC 6720, na pia ni M57 katika orodha ya Charles Messier. Pete ya Kusini, ile iliyopigwa picha na darubini ya James Webb na kuonyeshwa ulimwengu mwaka 2022, ni NGC 3132 na haina M, maana Messier alikuwa Paris, na huko haipandi hata kupita mapaa ya nyumba.

Baba Mdogo aliridhika. Ningenyamaza hapo, lakini mpwa wangu, simu mkononi, akasoma: “Kuna Kipepeo mwingine, M2-9.”

“M ya huyo Messier?”

“La, Baba Mdogo. Ya Minkowski. M2 ya Messier ni kundi la nyota mahali pengine kabisa.”

“Kwa hiyo mtu alikuta M imeshachukuliwa, akaandika yake juu yake?”

“Ndiyo.”

Alifunga vifungo vya koti, akaokota fimbo yake, akauliza kama huyo Minkowski aliwaita wazee kabla ya kuweka bikoni.