Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Mizani

YAH: KUOMBA SEMINA YA EKSELI KWA NG'OMBE, MBAO NA NYANYA

Mheshimiwa,

Mimi ni dereva wa malori, njia yangu ni Tunduma hadi Dar es Salaam, na nabeba chochote kinacholipa. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 naijua kuliko kadi ya kliniki ya mwanangu: ekseli ya mbele tani 8, mbili za pamoja 18, tatu 24, na gari zima lisizidi 56. Sina ugomvi nayo. Mashimo yanayochimbwa na waliozidisha tunayakwepa sisi, na springi zinazokatika ni zetu.

Shida, Mheshimiwa, ni kwamba mzigo haujaisoma sheria hiyo.

Nilipakia ng'ombe wa mnada wa Pugu. Jumla ilikuwa halali. Tukashuka mlima Kitonga, breki kila kona, ng'ombe wote wakasogea mbele. Kwenye mizani moja ambayo sitaitaja, ekseli mbili za farasi, yaani kichwa cha lori, zikasoma zaidi ya tani 18. Kijana wako akaniambia, "Sawazisha mzigo." Nikapanda juu na utingo wangu, tukamshika dume mmoja pembe, tukamweleza habari ya tani 18 kwa upole. Alitusikiliza, akakojoa, akarudi palepale. Faini nililipa mimi.

Mbao za Sao Hill nazo ni kaidi. Zinapakiwa Mafinga zikiwa halali, mvua inazinyeshea njiani, zinafika kwako zimekunywa maji. Sijui nani aandikiwe kosa hapo, labda Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Kwa upande wa nyanya za Ilula, nakushukuru kwa dhati. Umetupanga foleni moja na shaba ya Kongo, ambayo hata ikilala hapo wiki nzima inabaki shaba. Matenga ya chini yakilala yanaanza kuchuruzika, na kadiri yanavyochuruzika uzito unapungua. Nikifika juu ya mizani niko ndani ya sheria kabisa. Mwenye nyanya ndiye hajauelewa msaada huu.

Jambo jingine ni la kitaalamu. Jamaa wa mbele yangu alisoma kilo 600 za ziada. Akashuka, wakapeana mkono na kijana wako, mkono mrefu kidogo, gari likapimwa tena na zile kilo hazikuonekana. Hakuna gunia lililoguswa. Naomba matingo wetu wafundishwe salamu hiyo, maana wao bado wanashusha kwa mgongo.

Kama semina ya ng'ombe haina bajeti, basi tupewe njia ya pembeni kwa mzigo unaooza na unaopumua, na mahali pa kupimia kabla hatujatoka na mzigo tulikopakia. Shaba itatusubiri.

Wako katika ujenzi wa barabara,
Dereva.

Nakala: Mwenye gari, ambaye faini zote anazikata kwenye posho yangu.