Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Ardhi, Barabara na Usafiri Dar es Salaam

Waheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUELEKEZWA PA KUNUNUA KIWANJA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Barua hii inaletwa kwenu kwa niaba ya mke na mume wasiotajwa majina, kwa kuwa wa aina yao wamejaa jiji zima. Mke ni muuguzi katika hospitali binafsi katikati ya jiji, na zamu yake ya asubuhi inaanza saa moja na nusu. Mume anauza vipuri vya pikipiki Kariakoo. Wanaishi chumba na sebule Sinza, ambako kila miezi sita mwenye nyumba huwakumbusha, kwa upole kabisa, kwamba wapo wengine wanaoulizia hicho chumba na wana kodi ya mwaka mzima. Wamejibana, wamecheza vikoba, mume kauza pikipiki yake mwenyewe, na sasa wana fedha ya kiwanja chao cha kwanza. Hawataki ufukwe wala ghorofa. Wanataka mita 20 kwa 20 mahali ambapo mtu akitoka kwake saa kumi na moja alfajiri atamkuta mgonjwa wake bado yuko hai.

Benki walishapita. Mikopo ya nyumba nchini, ukiijumlisha yote, haifiki asilimia 1 ya pato la taifa, na baada ya nusu saa ya maongezi sababu ilijieleza yenyewe: afisa mikopo aliomba hati ya nyumba, nao wakamweleza kwamba hiyo hasa ndiyo wanayoitafuta. Waliagana vizuri. Wanajua pia kwamba kisheria hakuna Mtanzania anayenunua ardhi, kwani ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuikalia kwa miaka 33, 66 au 99. Hawana neno. Hata 33 itawatosha, mradi isiishie kwenye foleni.

Kilichowashinda ni ramani. Madalali wa jiji hili wana tangazo moja kwa viwanja vyote: kimepimwa, hakina mgogoro, umeme upo jirani, dakika tano kutoka lami, maongezi yapo. Hizo dakika tano zilipimwa kwa bodaboda, usiku wa manane, na dereva asiyejali roho yake. Lakini dalali akishamaliza sifa za kiwanja huanza sifa zenu, waheshimiwa. Hapa itapita barabara ya njia nne. Pale panakuja stendi. Bonde lile lote ni mji mpya, waziri alishasema. Hapo ndipo milioni nne inapogeuka milioni tisa. Madalali wote wa Dar es Salaam wanaishi kwa hotuba zenu, na hamjawahi kuwadai hata kamisheni.

Wanandoa walianza na Kigamboni kwa sababu inaonekana. Mtu akisimama Magogoni, karibu na soko la samaki, anaona paa za nyumba ng'ambo na karibu asikie jogoo wa huko akiwika. Pantoni huvuka kwa dakika chache kwa shilingi 200. Taabu haijawahi kuwa yale maji. Taabu ni banda la kusubiria upande wa Kigamboni saa kumi na mbili asubuhi, watu bega kwa bega, mwenye kuku, mwenye ndoo ya dagaa, mwanafunzi kaning'iniza viatu shingoni visikanyagwe, na habari inapita kichwa hadi kichwa kwamba kivuko kimoja kiko matengenezo. Lango likifunguliwa hakuna anayetembea. Umma mzima unakimbia, na muuguzi, aliyekwenda siku hiyo kufanya majaribio, alijikuta ndani ya pantoni bila kukumbuka kuamua kuingia.

Mliiona shida hiyo mkajenga daraja. Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016, lina urefu wa mita 680, na ni zuri, hakuna ubishi. Ila lina kibanda cha tozo. Sehemu kubwa ya fedha za ujenzi ilitoka kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na lazima irudi. Hilo linaeleweka, na mwaka 2022 tozo zilipunguzwa, shukrani zimefika. Mwaka huohuo likafunguliwa Daraja la Tanzanite, linalokata bahari kutoka upande wa Hospitali ya Aga Khan kwenda Oysterbay, refu zaidi ya kilomita 1, na pale haulizwi mtu hata senti. Sasa muuguzi huyu ni mwanachama wa NSSF. Makato ya mshahara wake yamo ndani ya lile zege la Kigamboni. Anaomba kujua kama ni kawaida mwenye daraja kulipia kuvuka daraja lake, huku wa Oysterbay akipita bure kwenye la wote. Jibu bila shaka ni la kitaalamu. Anaomba aandikiwe kwa lugha nyepesi.

Kigamboni hiyohiyo ndiyo chuo kikuu cha matangazo. Mwaka 2008 mliitangazia mji mpya wa kisasa, michoro ikaonyeshwa, maghorofa ya vioo mbele ya bahari. Wenyeji wakaambiwa wasijenge wala wasiuze mpaka mji huo uje. Waliokuwa na msingi wakabaki na msingi. Waliokuwa na boma lisilopauliwa wakaliangalia likiota miti. Ukaundwa wakala maalumu wa kuusimamia mji mpya, kisha wakala ukavunjwa, na mji mpya ukarudi ulikotoka, kwenye karatasi. Hapohapo wilayani, Somangila, NSSF na mbia wake walianza kujenga Dege, kijiji cha nyumba 7,460. Mwaka 2016 ujenzi ukasimama. Wanandoa walikwenda kuliona. Majengo yako tele, marefu, yamejipanga kwa safu, madirisha wazi, bahari kwa mbele. Mume, mtu wa biashara, alisema kwa hesabu ya haraka kwamba hapa wangepangwa wauguzi wote wa jiji na bado vyumba vikabaki.

Wakahamishia macho Barabara ya Morogoro. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016, njia ya karibu kilomita 21, na siku zile za mwanzo mtu wa Kimara aliweza kumwambia bosi wake muda atakaofika, na akafika. Bei za viwanja zilisikia kabla ya abiria. Kimara ikawapita wanandoa hawa, wakasukumwa Mbezi, Mbezi ikapata stendi kuu mwaka 2021 ikawapita nayo, wakasukumwa Kibamba, na sasa wanaambiwa Kibaha, ambako ni mkoa mwingine kabisa. Hata huko wamekuta mmetangulia: barabara ya njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2.

Barabara hiyo ina historia ambayo dalali huwa haigusi. Mwaka 2017 nyumba za kandokando zilichorwa X nyekundu na kubomolewa, zikiwamo za watu waliokaa miaka mingi na wenye karatasi zao mkononi. Lakini mlitenda haki, maana hata makao makuu ya TANESCO pale Ubungo yaliwekewa X mwaka huohuo, yakakatwa sehemu. Ndipo muuguzi alipopata wasiwasi. Ikiwa shirika la umeme, lenye wanasheria, wapimaji na madereva wa kuwapeleka wizarani, lilijenga ndani ya hifadhi ya barabara bila kujua, yeye mwenye risiti ya serikali ya mtaa atajuaje? Ofisi ya mtaa yenyewe ilimhakikishia kwamba pako salama, ikamwomba asilimia 10 ya bei kwa kugonga muhuri, asilimia ambayo haimo katika sheria yoyote aliyoonyeshwa.

Jioni moja mume alijaribu safari yenyewe, Kariakoo hadi Mbezi, kwa daladala. Gari lilifika limejaa, kwa sababu abiria walikuwa wamegeuza nalo: walilidandia likiwa bado linaingia mjini na kulipa nauli mara mbili ili warudi wameketi. Mlangoni konda alikuwa akiita Mbezi kwa sauti ya kusadikika. Walipofika Kimara akatangaza kuwa gari linaishia hapo. Ruti imekatwa, abiria wateremke, na anayetaka kwenda mbele alipe upya kwenye gari lilelile lililogeuzwa kibao. Mume hakuona askari wala kitabu cha sheria, aliona watu wakitoa sarafu kwa utulivu wa wanaojua wimbo mpaka mwisho. Na mvua ikinyesha hata wa Kimara hana cha kujivunia: Mto Msimbazi hujaa Jangwani, barabara hufungwa na mwendokasi hausogei. Karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani hapohapo, pengine ili mabasi yawe ya kwanza kupata habari za mafuriko.

Mbagala hawakukaa sana. Njia ya mwendokasi ilikamilika, vituo vikapendeza, na kwa muda mrefu kikakosekana kitu kidogo tu, mabasi. Bagamoyo nayo waliiacha baada ya kuonyeshwa kiwanja "karibu na bandari mpya". Mradi wa bandari hiyo ulisainiwa mwaka 2013 na kusimamishwa 2019, lakini dalali aliizungumzia kana kwamba meli zinapiga honi nyuma ya mnazi.

Halafu ikaja treni ya umeme. Tangu Juni 2024 mtu anatoka Morogoro na kuingia Dar es Salaam kwa chini ya saa mbili, safi, kwenye kiti chake, jambo ambalo mtu wa Bunju siku ya foleni hulisikia kama hadithi. Wanandoa waliwaza: kwa nini wasinunue Morogoro, kwenye milima na maji ya bomba, wakaja kazini kwa treni? Mume akatoa kalamu. Nauli ya daraja la kawaida shilingi 13,000, kwenda na kurudi 26,000, siku 22 za kazi, jumla 572,000 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Kima cha chini cha mshahara serikalini, baada ya nyongeza ya Julai 2025, ni 500,000. Kwa hiyo mtumishi wa kima cha chini anaweza kuishi Morogoro na kufanya kazi Dar es Salaam, ila awe na shilingi 72,000 za ziada na asile.

Binamu wa muuguzi aliwashauri waache haraka. Yeye alikuwa wizarani, akajenga Goba kwa miaka minane, tofali kwa tofali, akapaua, akapiga plasta. Mwaka 2016 mkatangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma. Sasa amepanga chumba huko, na kwenye nyumba ya Goba anakaa mpangaji, ambaye naye anatafuta kiwanja.

Kwa hiyo, waheshimiwa, maombi ni machache. Rangi ya X mnayo ya kutosha. Wanunuliwe wananchi na rangi ya kijani, itumike kuchora V kwenye viwanja ambavyo hamna mpango navyo wowote, hata wa michoro. Wengi wangelipa zaidi kwa V hiyo kuliko kwa lami. Kila mradi unapotangazwa jukwaani, msemaji ataje na tarehe ya kuufuta, ili mnunuzi apange. Ikiwezekana, dalali anayetumia hotuba ya waziri kuuzia kiwanja aambatanishe nakala yake iliyogongwa muhuri, na mnunuzi arudishiwe tofauti ya bei siku hotuba itakapobadilika. Kuhusu suala la daraja, muuguzi yuko tayari kupokea jibu hata kwa simu, isipokuwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tatu, kwa kuwa atakuwa njiani.

Mnaombwa kujibu kabla ya Ijumaa. Dalali wa Kibaha anataka kishika uchumba, na anasema kuna mteja mwingine yuko njiani na fedha taslimu, ambaye amesikia kwamba palepale patajengwa kitu kikubwa. Hajasema ni nini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Kwa niaba ya wanandoa wa Sinza

Nakala: Mwenye nyumba, kwa taarifa. Anaombwa avumilie miezi sita mingine.