Jinsi ya Kufundisha Michoro ya Dhahania Bila Kumfundisha Mtu Chochote

Darasa la sanaa la mtaani ni neema, hasa kwa mwalimu. Hakuna mkaguzi wa elimu atakayebisha hodi, hakuna mtihani wa taifa, na wanafunzi wamekuja kwa hiari yao Jumamosi asubuhi, wengine wameacha nguo kwenye beseni. Ukitaka kazi iwe nyepesi zaidi, achana na kuwafundisha kuchora sura ya mtu, mtumbwi au embe. Embe lina ubaya wake: kila mtu analijua, na ukilikosea hata mtoto wa chekechea atakusuta. Fundisha dhahania. Huko hakuna wa kukusahihisha.

Ukumbi wa serikali ya mtaa unatosha, ule wenye viti vya plastiki na kalenda ya mwaka juzi ukutani. Viti vyote vikutazame wewe, ili mtu asione jirani yake anafanya nini. Vaa shati lenye madoa ya rangi. Kama huna, litie madoa usiku wa kuamkia darasa. Kisha zungumza. Somo la kwanza lote liwe maneno: hisia, nafsi, nishati, safari ya ndani. Mtu akiuliza brashi zitagawiwa lini, mwambie bado hajawa tayari.

Historia nayo iwe fupi. Sema dhahania ilizaliwa Ulaya na baba yake ni Wassily Kandinsky, Mrusi, basi. Usimtaje Hilma af Klint, mwanamke wa Sweden aliyeanza mwaka 1906 kuchora picha zisizofanana na kitu chochote, kisha akaagiza zisionyeshwe mpaka ipite miaka 20 baada ya kifo chake. Ukimtaja, kina mama watauliza kwa nini yule mwingine ndiye aliyepewa ubaba. Wala usithubutu kuwagusia wachongaji wa Kimakonde, waliovuka Mto Ruvuma na patasi zao, ambao wana mtindo unaoitwa mawingu: gogo la mpingo limechongwa likawa mikunjo na matundu, mtu hayumo, mnyama hayumo, shetani mwenyewe hayumo. Mwanafunzi akijua kwamba dhahania imekuwa ikiuzwa pale Mwenge, Dar es Salaam, wakati yeye anapita na daladala, atapunguza heshima kwako.

Katika kila darasa yupo mama mmoja aliyekulia kwenye kusuka ukili. Huyo mkalishe nyuma kabisa. Ni hatari. Tangu utotoni amekuwa akiamua zambarau ikae wapi na kijani ikae wapi, aache ukindu mweupe kiasi gani katikati ili rangi zisigombane, na milia ijirudie mara ngapi kabla ya jicho kuchoka. Hajawahi kuulizwa mkeka wake unafanana na nini, wala yeye hajawahi kujiuliza. Mwambie asahau yote hayo, aanze upya, aachilie hisia. Akishasahau, mfundishe neno "mpangilio".

Kuhusu vifaa, shikilia kanvasi ya dukani, ile ghali. Faida yake ni kwamba mwanafunzi akiishika atawaza nauli aliyoitoa na unga alioacha kununua, mkono utamtetemeka, na atapaka katikati tu kwa adabu. Kitambaa cha marekani kilichowambwa kwenye fremu ya mbao na kupigwa mikono miwili ya rangi nyeupe ya ukutani kingefanya kazi hiyohiyo kwa bei ndogo, na mtu akikiharibu angecheka akachukua kingine. Ndiyo maana hatukitaki. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 alitumia vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli. Ona sasa alivyotusumbua: hadi leo watu wanadhani uchoraji unaweza kuanza bila pesa.

Sasa rangi, na hapa nakuomba utulie, kwa sababu ndipo darasa linapoharibika vizuri. Mpe kila mwanafunzi rangi zote ulizonazo, 12 kama zipo, na umwambie ajisikie huru. Usimwambie kwamba nyekundu ikikutana na kijani zinauana, kwamba bluu na chungwa vilevile, na zambarau na njano vilevile. Ahangaike mwenyewe. Katika nusu saa ya kwanza kanvasi itameremeta na utasikia watu wakipumua kwa furaha. Halafu mikono itazidi kuzunguka, brashi haisuuzwi, tabaka la pili linapakwa juu ya la kwanza lililo bichi, na kufikia saa tano picha zote ukumbini zitakuwa na rangi ya Mto Msimbazi wakati wa masika. Hapo ndipo useme, kwa sauti ya chini, kwamba hicho ni kina.

Kuna walimu wachokozi wanaotoa rangi mbili tu na nyeupe. Wanamwachia mwanafunzi bluu na chungwa, wanamtaka azichanganye kidogokidogo mpaka apate vijivu kumi visivyofanana, vingine vya baridi, vingine vya joto. Wanawalazimisha watu wasubiri tabaka likauke, na kwa joto la Dar rangi ya akriliki hukauka hata kabla hawajamaliza kikombe cha chai. Wengine wamefuata nyayo za Josef Albers, aliyechapisha kitabu chake cha rangi mwaka 1963: wanakata vipande viwili vya karatasi ileile ya kijivu, kimoja wanakiweka juu ya nyeusi, kingine juu ya njano, kisha wanauliza darasa kama ni rangi moja. Darasa zima linaapa kwamba ni rangi mbili. Ubishi unazuka, watu wanasimama, wanasogea, wanaanza kutazama. Mwalimu mwenye akili anajiepusha na fujo kama hiyo.

Kusahihisha ni rahisi. Pita nyuma ya kila mtu, tikisa kichwa polepole, sema "nzuri sana" na uendelee. Usiulize jicho linatua wapi kwanza, wala ile kona ya chini inafanya kazi gani, wala nini kitatokea ukiziba huo mstari mwekundu kwa kiganja. Mwanafunzi akiulizwa hivyo ataanza kuona, na akishaona atataka kurekebisha, na darasa halitakwisha saa sita. Wala usimruhusu kuigeuza picha juu chini ili aikague. Mwaka 2022 huko Düsseldorf, Ujerumani, mtaalamu wa jumba la makumbusho alisema wazi kwamba kazi moja ya mchoraji Piet Mondrian ya mwaka 1941, iliyofanywa kwa tepu za rangi, imekuwa ikining'inia kichwa chini kwa miongo mingi. Wakaiacha vilevile, kwa kuwa tepu zingeweza kubanduka. Kama mabingwa wameishi nayo, sisi ni nani wa kugeuza kanvasi?

Halafu kuna mzee mstaafu anayekaa mlangoni akimsubiri mkewe amalize. Msalimie vizuri, "Shikamoo mzee," maana swali linakuja. "Marahaba, mwalimu. Hivi na hii, mjukuu wangu si anaweza?" Hapa jibu lako liwe kicheko cha mtu aliyesoma. Akiendelea, mlaumu kwa kutoelewa. Usijaribu kumweleza kwamba swali lake ni zuri na limewahi kupimwa. Mwaka 1957 kule London zilionyeshwa picha zilizochorwa na sokwe aitwaye Congo, na mwaka 2005 picha zake 3 zikauzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 14,000. Lakini mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watu picha mbilimbili, moja ya mchoraji mashuhuri wa dhahania, nyingine ya mtoto au mnyama. Hata pale majina yalipobadilishwa makusudi, watu walichagua ya mchoraji mara nyingi zaidi kuliko ambavyo bahati tu ingeleta. Mzee akisikia hayo atavuta kiti, atataka kuziona picha mbilimbili na yeye, na wiki ijayo utakuwa na mwanafunzi mpya mwenye maswali magumu kuliko wote.

Mwishoni mwa muhula fanya maonyesho. Mgeni rasmi awe diwani, kapeti jekundu likikosekana tandika kanga. Kila picha iwe na jina lisiloshikika, kwa mfano "Mwangwi wa Ukimya II", hata kama ya kwanza haikuwahi kuwepo. Soda ziwe za kutosha. Watu wenye chupa mkononi hawaulizi sana.

Nakiri nimewahi kuliona darasa la aina ile nyingine, na sikupendezwa. Mwalimu aliongea dakika tano, akanyamaza. Mama wa mikeka alikuwa mbele akibishana na kijana wa bodaboda kuhusu mstari mmoja wa njano, kama ubaki au ufutwe. Picha zilikuwa sakafuni, watu wanazizunguka, wanazigeuza. Hakuna aliyetaja nafsi. Na ubaya zaidi, zilikuwa picha ambazo mtu angetambua kila moja ni ya nani bila kusoma jina.

Basi mwalimu mwenzangu, chagua darasa lako. Ukichagua lile la pili, nunua rangi mbili na kopo la nyeupe, kata vipande vya marekani vya kutosha kuharibu, na mlete yule mama mbele. Katika madarasa yote mawili ndoo ya maji iwe karibu: akriliki ikikaukia kwenye brashi, maji hayaitoi tena.