Ukitaka Kuonana na Willie Mays

Kwanza, uzaliwe mapema. Inafaa uwe na miaka minane au tisa mwaka 1954, na kwenu kuwe Harlem, New York, jirani na Mtaa wa 155. Aliyechelewa kuzaliwa akawalalamikie wazazi wake.

Kukaa langoni mwa uwanja wa Polo Grounds ni shughuli ya watoto wa mbali, wanaoletwa kwa gari na baba zao. Wewe nenda anakoishi. Mays, kijana wa Alabama aliyejiunga na timu ya besiboli ya Giants Mei 1951 akiwa na miaka 20, amepanga kwa mama mmoja, hatua chache kutoka uwanjani. Gonga dirisha, ila si alfajiri. Usiende 1953, yuko jeshini. Kuanzia 1956 usigonge kabisa: ameoa.

Akichungulia, usimwambie kwamba unampenda. Hilo analisikia kila siku. Mwambie timu yenu imepungukiwa na mtu mmoja. Hii si besiboli ya tiketi. Ni ya barabarani: gongo ni mpini wa fagio (fagio la nani, usiulize), mpira ni wa raba, wa rangi ya waridi, na umbali hupimwa kwa mifuniko ya chemba za maji machafu. Mtoto akiupiga mpira ukavuka chemba mbili, mtaa mzima humheshimu. Mays akishika gongo, rudi nyuma, kisha urudi nyuma tena. Mchezo ukiisha usikae mbali naye, kwani ana desturi ya kuwanunulia watoto aiskrimu. Halafu ataelekea uwanjani, kwenye kazi yake. Septemba 29, 1954, katika mechi ya kwanza ya fainali, Vic Wertz wa timu ya Cleveland aliupiga mpira mbali sana. Mays akaukimbilia huku amempa mpigaji mgongo, akaudaka ukimpitia juu ya bega. Una ruhusa ya kudai shuleni kwamba mazoezi alifanyia kwenu.

Kama ni lazima uende langoni na wale wa mbali, beba penseli. Narudia: penseli. Paul Auster, aliyekuja kuwa mwandishi wa riwaya, alikuwa na miaka minane alipomkuta Mays pale Polo Grounds baada ya mechi, keshavaa nguo za nyumbani. Akajikaza, akamwomba sahihi. Mays akakubali, kilichotakiwa ni kitu cha kuandikia. Mtoto hana. Baba hana. Mama hana. Marafiki wa wazazi wakajipapasa mifuko, nao hawana. Mays akaenda zake. Mtoto alilia, na tangu siku hiyo hakutoka nyumbani bila penseli mfukoni. Mwenyewe alieleza kwamba ndivyo alivyoanza kuwa mwandishi. Hadithi tamu, lakini mimi bado nawashangaa wale watu wazima. Watu wamevaa, wamefunga milango, wamesafiri hadi uwanjani, na katika mifuko yote hiyo hamna hata kipande cha penseli!

Usizubae pia. Baada ya msimu wa 1957, Giants walihamia San Francisco, upande wa pili wa Marekani, na Mays akaenda nao. Polo Grounds ilivunjwa 1964, na palipokuwa uwanja sasa pana maghorofa ya kuishi. Mays mwenyewe alifariki Juni 2024, akiwa na miaka 93.

Imebaki njia ya dukani, kununua mpira wenye sahihi. Hapo fumbua macho yote mawili. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wapelelezi wa FBI waliwanasa watu waliokuwa wakighushi sahihi za wanamichezo na watu maarufu. Miongoni mwa walivyovikuta ni mipira ya besiboli yenye sahihi ya Mama Teresa. Muuzaji akikuletea mmoja, muulize alichezea timu gani.