Mwana wa Sita wa Tembo

Detroit, kaskazini mwa Marekani, aliishi Tembo aliyeitwa General Motors. Katika nchi ile hapakuwa na mnyama wa kumfikia kwa ukubwa. Alikuwa na wana watano, Chevrolet, Pontiac, Oldsmobile, Buick na Cadillac, na kila mmoja alikuwa na zizi lake la ndama. Mtu aliyetaka kipando cha kumpeleka kazini au kanisani alikwenda kwenye zizi linalolingana na mfuko wake, akalipa, akapanda, akaenda zake. Shingoni mwa Tembo aliketi mtu wa kumwongoza, na mwongozaji akizeeka alishushwa, mwingine akapandishwa.

Kulea ndama ilikuwa kazi ya Nyuki. Tembo na Nyuki hawakupatana hata siku moja. Majira ya baridi ya 1936 kuingia 1937, Nyuki wa Flint walijifungia mizingani, wakagoma kufanya kazi na wakagoma kutoka, mpaka tarehe 11 Februari 1937 Tembo alipokitambua chama chao, United Auto Workers. Tangu hapo waliandikiana mikataba mikubwa, na kila ukurasa ulikuwa kumbukumbu ya ugomvi: nani ashike chombo hiki, nani asikiguse, nani apumzike saa ngapi.

Ndipo wakaja Swala. Walivuka bahari kutoka Japani wakiwa wadogo, wepesi, wenye kula kidogo. Tembo aliwadharau. Lakini mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, na tena 1979, watu wakaanza kuhesabu malisho, na wana wa Tembo walikuwa walafi. Swala wa Toyota na wa Honda wakaonekana kila mtaa. Jambo lililomuuma Tembo zaidi ni kwamba hawakuwa wagonjwa-wagonjwa. Mtu alimpanda Swala miaka kumi asimpeleke kwa mganga ila kwa uangalizi wa kawaida.

Tarehe 7 Januari 1985, Roger Smith, aliyekuwa shingoni siku zile, alitangaza kwamba Tembo atazaa mwana wa sita. Jina lake Saturn, jina la roketi zilizowafikisha Wamarekani mwezini walipokuwa wakishindana na Warusi. Dola bilioni 5 ziliahidiwa kwa malezi yake. Wazee wakashauri alelewe mbali na nduguze, kwani fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse sita. Magavana wa majimbo mengi walimgombania mtoto kabla hajazaliwa. Mwishowe akapewa Spring Hill, Tennessee, kwenye shamba la Haynes Haven, lililojulikana zamani kwa farasi bingwa aliyeitwa Haynes Peacock.

Ajabu kubwa haikuwa mtoto, ilikuwa mkataba. Nyuki mmoja mwenye busara, Donald Ephlin, makamu wa rais wa chama, aliamini kwamba Nyuki na Tembo wakiendelea kupigana, Swala watawazika wote wawili. Wakaandika mkataba mwembamba, kurasa chache zisizofanana hata kidogo na gombo la Detroit. Humo walikubaliana kwamba hakuna neno kubwa litakaloamuliwa bila Nyuki kuwapo mezani. Saa ya kupiga kadi haikuwekwa. Mkubwa na mdogo walikula ukumbi mmoja na kuegesha mahali pamoja. Vikundi vya kazi vilichagua wenzao vyenyewe, na sehemu ya ujira ikafungwa kwenye mafunzo na ubora wa kazi. Nyuki walitoka mizinga ya majimbo mengi, wakahamisha watoto wao shule, na wengi waliacha haki ya kurudi walikotoka. Si jambo jepesi kwa mtu aliyekwisha kujipatia ukubwa kazini kwa miaka ishirini.

Angalia walivyofanya kazi. Katika mizinga ya zamani ndama alivutwa kwa mnyororo, na Nyuki alimfukuzia akitembea kando, huku anakaza skrubu, kisha akarudi mbio kumpokea mwingine. Spring Hill walitandika sakafu ya mbao inayotembea. Nyuki alisimama juu ya mbao zile, akasafiri pamoja na ndama, na mlango ukawa palepale mbele ya kifua chake mpaka amalize. Akiona kasoro alikuwa na ruhusa ya kuusimamisha msafara mzima. Ruhusa hiyo ndiyo iliyomfanya aangalie.

Tarehe 30 Julai 1990 ndama wa kwanza alitoka, mwekundu, mgongoni Roger Smith pamoja na Owen Bieber, rais wa chama cha Nyuki. Kesho yake Smith alistaafu. Kumbuka hilo, maana kuanzia siku ya pili mtoto alikuwa yatima wa yule aliyemtaka. Ephlin naye alikuwa amekwisha kustaafu mwaka uliotangulia, na Stephen Yokich aliyekikalia kiti chake hakuupenda mkataba mwembamba.

Lakini wapandaji walimpenda mtoto. Ngozi ya milango na mbavu zake ilikuwa ya plastiki ngumu: toroli ya dukani ikimgonga, ilibonyea na kurudi. Katika mazizi ya kakaze mnunuzi alipokewa na Mbweha, ambao kazi yao ilikuwa kumzungusha mtu kutwa ili wajue ana kiasi gani mfukoni. Saturn aliwafukuza Mbweha. Bei ilibandikwa, ikawa hiyo hiyo kwa profesa na kwa mjane. Siku ya kumchukua ndama, wote waliokuwapo zizini waliacha walichokuwa wakifanya, wakamzunguka mnunuzi, wakampigia makofi na kumpiga picha. Wako waliolia, kwa sababu mpaka siku ile kununua kipando kulikuwa kudhalilishwa.

Mwaka 1991 iligunduliwa kwamba ndama 1,836 walikuwa wamenyweshwa maji mabaya ya kupoza moyo. Desturi ya Detroit ingekuwa kuosha, kubandika, na kumwambia mwenyewe ashukuru. Saturn aliwarudisha wote na kumpa kila mtu ndama mpya. Mwaka huohuo, Robert Stempel, mwongozaji aliyempokea Smith, alipotembelea Spring Hill, Nyuki walimpokea wamefunga vitambaa mikononi. Hawakudai nyongeza ya mshahara. Walilalamika kwamba wanaharakishwa, na wakiharakishwa ndama watatoka na kasoro. Katika historia yote ya ugomvi wa Tembo na Nyuki sijui maandamano yenye heshima kuliko hayo.

Mwaka 1994 Saturn aliwaita wapandaji waje kuona alikozaliwa. Walikuja zaidi ya 40,000, wengine wakivuka majimbo kadhaa, wakakanyaga matope ya mvua ya Juni, wakala nyama ya kuchoma na kupeana mikono na Nyuki waliowalelea vipando vyao. Mwaka ule zizi liliuza ndama wapatao 286,000. Halikupata kuifikia tena hesabu hiyo.

Maana makofi ya Spring Hill yalisikika hadi Detroit, na kakaze hawakuyapenda. Walikwenda kwa baba yao usiku.

"Baba," akasema Chevrolet, "mimi ndiye ninayeijaza ghala hii. Mbona ninalala njaa na mdogo wangu analishwa mabilioni?"

"Na watu wanasema yeye ni wa namna nyingine," akasema Oldsmobile. "Kama yeye ni wa namna nyingine, mimi ni wa namna gani?"

Kulipopambazuka, Saturn naye alifika. "Shikamoo baba. Watu wangu wameoa na kuzaa. Wanataka ndama mwenye mgongo mrefu, na wengine wanataka mrefu wa miguu wa kupanda milima. Wananipenda, hawataki kuniacha, lakini hawawezi kupanda watano pale walipokaa wawili."

"Ngoja, mwanangu," akasema Tembo.

Kusema haki, Tembo mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mwaka 1992 alipata hasara ya dola bilioni 23.5, ingawa sehemu kubwa ilikuwa gharama ya matibabu ya wastaafu iliyoandikwa vitabuni kwa mpigo mmoja. Mzazi mwenye njaa huwagawia wote kidogo kidogo, naelewa. Nisichomsamehe ni kwamba hata aliposhiba aliendelea kusema ngoja. Saturn alizaliwa na ndama mdogo wa aina moja, na mpaka 1999 alikuwa na huyohuyo, amepakwa rangi na kunyooshwa nywele. Swala walibadilisha kizazi kila miaka minne au mitano. Wapandaji wa Saturn walipotaka nafasi waliondoka kwa majonzi, na kwa kuwa hawakutaka kurudi kwa Mbweha wa kakaze, walikwenda moja kwa moja kwa Swala. Tembo alizaa mtoto ili awarudishe watu kutoka kwa Swala, kisha akawasukuma huko kwa mkono wake.

Ndama wa pili, L-Series, alipokuja mwaka 1999, hakulelewa Spring Hill. Alilelewa Wilmington, Delaware, na mifupa yake ilikuwa ya Opel, binamu wa Ujerumani. Hapo utengano ukaisha. Nyuki wa Spring Hill, wakiona zizi lao haliletewi mimba mpya, waliogopa kubaki peke yao. Hata 2004 ilipofika walikuwa wamekwisha kuupigia kura mkataba mkubwa wa Detroit ili wapate haki ya kuhamia mizinga mingine njaa ikija. Siwalaumu. Waliahidiwa mezani nafasi ya kuamua, na ndama wa kesho aliamuliwa pasipo wao.

Kisha chakula kikaja, kwa wingi na kwa kuchelewa. Mwaka 2006 Tembo alianza kumletea Saturn ndama wapya: Sky mwenye mwendo wa kasi, Outlook mkubwa wa familia, na Aura, ambaye mapema 2007 alitawazwa Gari la Mwaka la Amerika Kaskazini. Walikuwa ndama wazuri. Lakini Sky alikuwa pacha wa Solstice wa Pontiac, Outlook alikuwa pacha wa Acadia wa GMC, zizi la malori la Tembo, na Aura alikuwa wa mifupa ileile ya G6 wa Pontiac. Ngozi ya plastiki, ile ya kubonyea na kurudi, hawakuwa nayo. Mpandaji aliyeuliza, "Huyu ana nini asichokuwa nacho kakaye?" alijibiwa kwa makofi tu. Machi 2007 ndama wa mwisho mwenye jina la Saturn alitoka Spring Hill.

Tarehe 1 Juni 2009 Tembo alianguka akaomba ulinzi wa mahakama ya waliofilisika. Serikali ilimnyanyua kwa sharti apunguze midomo. Siku chache baadaye Roger Penske, aliyewahi kuwa dereva wa mashindano na sasa mfanyabiashara mkubwa, akajitokeza kumchukua mtoto. Tembo angemlisha kwa muda, kisha atafutwe mlezi mwingine. Walimwendea Jogoo wa Ufaransa, Renault, na wenye mazizi kote Marekani wakakesha wakisubiri. Baraza la Jogoo likakataa. Tarehe 30 Septemba 2009 Penske akajitoa, na siku hiyohiyo Tembo akatangaza kwamba mtoto atazikwa. Oktoba 2010 mlango wa mwisho ukafungwa.

Wale waliokwenda kwa baba yao usiku hawakupona wote. Oldsmobile alitangulia kufa, mwaka 2004. Pontiac alizikwa mwaka uleule wa Saturn. Swala bado wapo, tena siku hizi wanazaliana Marekani kwenyewe, Tennessee ikiwamo.

Zizi la Spring Hill lilifungwa, likafunguliwa tena mwaka 2012, na tangu 2022 linalea ndama wa umeme aitwaye Lyriq, mali ya Cadillac, kaka mtukufu kuliko wote. Nyuki wake hufanya kazi chini ya gombo lilelile la Detroit. Ule mkataba mwembamba hakuna mwongozaji wa Tembo wala kiongozi wa Nyuki aliyeupeleka tena mezani.