Sifa za Mchoma Tairi

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kuchoma tairi kabla ya mbio kumezidi yote mawili: kunajitangaza kwa mlio unaowaamsha watoto mtaa wa tatu na kwa moshi ambao mvuvi anauona akiwa bado baharini. Hata hivyo hakuna aliyekaa chini akakuandikia sifa zake. Nzi alimpata Lucian wa Samosata, aliyemtungia risala nzima ya kumtukuza katika karne ya 2. Upumbavu ulimpata Erasmus, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1511. Tairi linaloungua limepata nini? Wazee wa kulilaani na mafundi wa kulicheka. Deni hilo nataka kulilipa leo, tena nitalilipia Qurayyat, kwani sijui mji mwingine unaostahili zaidi.

Qurayyat ni mji wa wavuvi, kusini-mashariki ya Maskati, kama mwendo wa saa moja kwa gari. Tarehe 26 Juni 2018 joto lake halikushuka chini ya nyuzi 42.6 za Selsiasi mchana kutwa na usiku kucha, alfajiri ikiwemo. Wafuatiliaji wa hali ya hewa wakasema huenda haijapata kupimwa popote duniani siku ambayo hata ubaridi wake ulikuwa moto kiasi hicho. Wenye eisi walijifungia ndani; wasiokuwa nayo walikaa macho wakijipepea. Basi ni katika mji huo huo ambapo kijana anaamini kwamba tairi lake lina baridi, na kwamba halitashika lami mpaka alipashe moto. Imani ya namna hiyo inataka moyo.

Anayesifiwa hutajiwa nasaba kwanza, na nasaba ya kuchoma tairi si haba. Inatoka Marekani, kwenye mbio za dragi: magari mawili, njia iliyonyooka, robo maili ambayo ni mita 402, atakayetangulia kufika kashinda. Magari ya daraja la juu, yaitwayo Top Fuel, yanakunywa nitromethane badala ya petroli. Tangu mwaka 2008, baada ya ajali iliyomuua dereva Scott Kalitta, yamepunguziwa njia mpaka mita 305, na mita hizo huzimaliza kwa muda usiofika sekunde nne, yakiwa yamepita kilomita 500 kwa saa. Matairi yake ya nyuma ni vipara tangu kiwandani, ya mpira laini, yaliyotiwa upepo kidogo tu. Dereva huyaingiza kwenye maji yaliyomwagwa chini ili yateleze kwa urahisi, kisha hukanyaga mafuta. Yakishatoka majini huyazungusha kidogo kwenye pakavu, na hapo ndipo moshi unapozaliwa.

Moshi huo una kazi. Kuzungusha kunaondoa vumbi na changarawe zilizoganda, kunaupasha mpira ule laini mpaka unanata, na kunaacha utando mpya wa mpira pale pale gari litakapoanzia. Sekunde chache, basi, gari linarudi mstarini kungoja taa. Wala Ghuba haikuachwa nyuma katika fani hiyo. Timu ya Al-Anabi ya Qatar, chini ya Sheikh Khalid bin Hamad Al Thani, ilichukua ubingwa wa Top Fuel huko huko Marekani mara tatu: mwaka 2010 na dereva Larry Dixon, mwaka 2011 na Del Worsham, na mwaka 2013 na Shawn Langdon. Kwa hiyo babu ni mtu wa heshima. Sasa tumtazame mjukuu.

Mjukuu utamkuta baada ya isha, kwenye kipande cha lami pembeni ya mji. Gari ni la baba, au ni pikapu ambayo asubuhi ilibeba samaki. Matairi ni ya dukani, ya mpira mgumu, yaliyotengenezwa yaende maelfu ya kilomita, yenye mifereji ya kutolea maji ya mvua. Mwenzake anafungua chupa ya maji ya kunywa, anamwagia chini ya magurudumu ya nyuma, yaliyobaki anayanywa. Simu zinainuliwa. Dereva anakanyaga breki kwa mguu wa kushoto na mafuta kwa wa kulia. Gari linatetemeka, linalia, haliendi. Kwanza unatoka mvuke mweupe mwepesi, kisha moshi mzito unaowasha macho na kukaa kooni. Vipande vyembamba vya mpira vinarukia madigadi na kuganda hapo, vyeusi, bado vya moto. Bodi yote ya nyuma imebadilika rangi, na siku ya pili mama atauliza gari limepita wapi.

"Ami, nimelipasha vizuri?" kijana anamuuliza fundi mmoja mzee, mtu aliyeshika spana yake ya kwanza Unguja kabla hajafikiria kuja Oman.

"Umelipasha, mwanangu," mzee anajibu. "Sasa utalipoza na nini?"

Nataka kumtetea kijana dhidi ya swali hilo, na nitaanza na ukarimu wake. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, na watu wa Qurayyat hawahitaji kufafanuliwa methali hiyo. Tairi ambalo lingekaa miaka linamalizwa usiku mmoja, na muuza matairi anasomesha wanawe. Gari la gia za mkono linaunguza krachi. La otomatiki linachemsha mafuta ya gia boksi. Linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne linaweza kuvunja difu kabla halijatoa hata moshi wa kutosha picha moja. Gereji nzima inakula kutokana na dakika ile. Mshindi wa mbio, kwa upande wake, anamfaa nani ila nafsi yake?

Mlinganishe kijana huyu na ndugu zetu wa bara. Tanzania, tairi lililochoka hukatwakatwa likawa makatambuga. Kenya wanaita akala. Na mchungaji akishazivaa huzitembelea miaka na miaka juu ya mawe na miiba. Ubahili ulioje! Tairi lile linakataa kufa. La kwetu linajitoa lote kwa mara moja, tena linawagawia viumbe wengine. Ndani ya mpira wa tairi watengenezaji hutia dawa iitwayo 6PPD ili ozoni isiupasue. Mwaka 2020 watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, walionyesha kwamba dawa hiyo ikishakutana na ozoni hugeuka kitu kingine, na kwamba kitu hicho, kikisombwa na mvua kutoka barabarani hadi mitoni, huwaua samaki aina ya salmoni wa koho. Wavuvi wa Qurayyat wanauza jodari na nguru, salmoni hawamjui, kwa hiyo hatuna haja ya kujiuliza zaidi. Tupulizie baharini na tumshukuru Mungu.

Tena kuchoma tairi ni chuo. Vijana wangapi wamepanda gari maisha yao yote wasijue tairi limeumbwaje? Mchoma tairi anajua. Kwanza ameona mpira, kisha nyuzi, kisha waya za chuma zikichomoza. Ngoma ikilia sana haichelewi kupasuka, na somo la mwisho hutolewa kwa kishindo, mbele ya watazamaji waliosogea karibu ili picha itoke vizuri. Vipande havichagui mwanafunzi.

Wapo watakaosema mambo haya ni mageni, hayana mizizi Qurayyat. Wasome historia. Mwaka 1507 Afonso de Albuquerque alifika hapa na merikebu zake akielekea Maskati na Hormuz. Watu wa mji wakapigana naye, naye akauteka mji na kuuchoma moto. Mreno yule alihitaji mji mzima ili aogopwe. Kijana wetu anaogopewa kwa matairi mawili tu, tena ya baba yake. Nani kati yao ana akiba zaidi?

Nakuja sasa kwa mafundi, ambao ndio wapinzani wakubwa, kwani wana hoja. Wanasema tairi la barabarani lina mifereji, na mifereji hiyo inachota yale maji ya chupa na kuyabeba mpaka mstari wa kuanzia, ili gari liteleze hasa pale lilipotakiwa lishike. Wanasema mpira mgumu hauna faida anayoipata mpira laini wa babu: ukizidishiwa moto unatoa mafuta juu na kuwa na utelezi. Wanasema lami ya Qurayyat ina mchanga uliopeperushwa na upepo, na gari lililotangulia limedondosha maji ya eisi, kwa hiyo mwenye matairi ya dukani ayakwepe maji, azungushe magurudumu kwenye pakavu kwa sekunde moja ili mchanga utoke, kisha aende. Na mwenye matairi laini ya mbio afanye kazi yake kwa kipimo, alipo na ruhusa ya kuifanya.

Sitawabishia, maana yote ni kweli. Nasema tu kwamba ushauri wao una kasoro moja kubwa: hauonekani kwenye simu. Sekunde moja haina moshi, haina mlio, haipati mtu wa kuitazama. Msomaji wa maulidi hujikohoza kidogo kabla ya kuanza. Kijana wetu anakohoa mpaka sauti ikamwisha na maulidi yakaahirishwa, na hadhira inaondoka ikisifu kikohozi.

Hata Polisi ya Kifalme ya Oman ina sehemu yake katika fadhila hizi. Gari linalokamatwa kwa michezo hii barabarani hupelekwa kuzuiliwa, likasimama yadi siku kadhaa bila kuguswa. Kwa matairi yale, huo ndio usingizi wa kwanza tangu yatoke dukani.

Lakini sifa kuu nimeiweka mwisho, nayo ni uadilifu. Mbio ni jambo la ukatili. Magari mawili yanaondoka, saa inahesabu, na baada ya sekunde kumi na tatu au kumi na nne mmoja kashindwa, mbele ya jamaa zake, na nambari imeandikwa. Hakuna kauli ya kuirekebisha nambari. Aliyejigamba mwezi mzima kwamba gari lake limefungwa mashine mpya anarudi nyumbani akiwa na ukweli mfukoni. Moshi haumfanyii mtu hivyo. Hakuna aliyewahi kushindwa katika kuchoma tairi: wote wanalia sawa, wote wanafuka sawa, na saa haijui pa kuanzia wala pa kumalizia. Ndiyo maana yule anayechoma muda mrefu zaidi mara nyingi ndiye mwenye sababu ya kutotaka taa iwake. Akimaliza, tairi halina hali, gia boksi imechemka, au taa za buluu zimeonekana kwa mbali. Mbio zinasogezwa wiki ijayo, na pande zote mbili zinaondoka zikiwa zimeshinda.

Kwa hiyo pendekezo langu ni jepesi. Kama moshi ndio unaotupa furaha na mbio ndizo zinazotutia aibu, tufute mbio tubaki na moshi. Na akitokea mkaidi anayetaka kujua kwa hakika gari la nani lina kasi, aende kwenye uwanja halali, avae kofia ngumu, aondoe mchanga kwa sekunde moja, angoje taa ya kijani, kisha akubali nambari itakayotoka, hata kama si yake. Sisi wengine hatuna ujasiri huo. Tuleteeni chupa ya maji.