Mimi Sina Kazi za Kugawa

Mama mkwe anaamini ofisini kwangu kuna droo, na ndani ya droo hiyo mna kazi. Anaamini zimepangwa vizuri: za benki upande huu, za bandarini upande ule, na za mashirika ya kimataifa nimezifungia kwa kufuli nikisubiri ndugu zangu wa Tabora. Nikienda kumsalimia Mbagala, shikamoo yangu inaitikiwa kwa swali: "Marahaba Baba Salma, shemeji yako bado tu?" Bado, mama. Shemeji mwenyewe anataka kazi yoyote ile, mradi isiwe ya mauzo, isiwe ya zamu ya usiku na isivuke Morogoro.

Mimi ni wakala wa ajira. Ofisi yetu iko Mwenge, juu ya duka la mapazia. Kampuni ikitaka mtu, namtafuta, namsaili, napeleka majina, wao wanachagua na kunilipa. Anayetafuta kazi hatoi hata senti. Msinisifu, ni kanuni za mwaka 2014 ndizo zilizotukataza kumtoza. Mwaka huohuo Serikali ikatuzuia pia kuajiri watu kisha kuwakodisha kwa makampuni, ikasema sisi tuunganishe tu, mwajiri aajiri mwenyewe. Kwa hiyo kisheria kabisa, mimi sina kazi hata moja.

Nenda sasa ukamweleze hayo mtu aliyeshatoa hela ya fomu. Juzi kaja kijana kavaa tai, mkononi ana barua aliyotumiwa na tapeli baada ya kurusha shilingi 30,000 kwenye simu. Jina la ofisi yetu limekosewa mara mbili, ila muhuri uliogongwa ni mzuri kuliko wetu. Nikamkalisha, nikamweleza taratibu kwamba ameibiwa, aende polisi, na namba ile airipoti kwa mtandao wake wa simu. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Nimekuelewa mkuu," akasema. "Sasa hiyo kazi naanza lini?"

Asubuhi zangu huishia kwenye wasifu. Tulitangaza nafasi ya msimamizi wa ghala, tukaandika wazi kwamba anatakiwa mtu wa ugavi. Waliojitokeza ni pamoja na mwalimu wa Biolojia, fundi wa kucha, na bwana mmoja aliyeomba "nafasi iliyotajwa au nyingine yoyote mtakayoona inanifaa, ikiwemo ya mkurugenzi". Huyo angalau kaniambia ukweli wake.

Siku hizi natambua mpaka stesheneri ilikochapwa karatasi. Kuna moja, sitautaja mtaa, ambako dada wa pale ana wasifu mmoja tu kwenye kompyuta yake na kazi yake ni kubadilisha majina. Ndiyo maana kila anayetoka kwake anapenda kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo, awe dereva wa kijiko au mkunga. Wiki iliyopita dada alikuwa na haraka. Mwombaji ameanza ukurasa wa kwanza akiwa Juma, kijana wa kiume, hajaoa. Akamaliza ukurasa wa tatu akithibitisha kuwa yote hayo ni kweli, na kutia sahihi kama Rehema.

Halafu kuna wadhamini. Mtu unamwomba majina ya watu wanaoijua kazi yake, anakuandikia mchungaji, mjumbe wa shina, na mama mmoja ambaye cheo chake kimeachwa wazi. Nikampigia mama. Je, unamfahamu huyu kijana? "Namfahamu sana, baba," akanijibu. "Tangu nikiwa na mimba yake."

Vyeti navyo lazima vihakikiwe. Tangu mwaka 2017, walipotajwa watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, hata mwenye mgahawa wa meza nne anataka Baraza la Mitihani limhakikishie kidato cha nne cha muosha vyombo.

Msidhani lawama zote nazibebesha wanaoomba. Waajiri ndio walioniotesha mvi. Dada wa rasilimali watu wa kampuni iliyotaka msimamizi wa ghala alinisomea sifa kwenye simu: umri usizidi miaka 25, uzoefu wa miaka 10, Kiingereza cha kunyooka, Kichina kikiwepo tutashukuru, awe na pikipiki yake.

"Dada," nikasema, "huyo mtu ilibidi aanze kusimamia ghala akiwa kidato cha pili."

"Kaka, wewe ndiye mtaalamu."

Na mshahara je? Wa makubaliano. Mimi neno hilo nalijua: wamekwisha kukubaliana wao kwa wao. Kumbana kidogo, ikatoka laki nne. Ghafi au ya mkononi? "Kaka, tusifike huko." Nikafika peke yangu, na kikokotoo. Nikatoa asilimia 10 ya NSSF, nikatoa kodi ya kile kinachozidi 270,000, nikatoa nauli ya kutoka Chanika na mafuta ya ile pikipiki yake. Kilichobaki kinatosha Kiingereza. Kichina hakifiki.

Usaili tuliuweka saa nne. Saa nne na robo nampigia wa kwanza. "Nipo njiani bosi, hapa Ubungo foleni haitembei." Nyuma yake jogoo anawika, na sauti ya mwanamke inauliza kama chai aongezewe sukari.

Alikuwepo mmoja, kweli kabisa, aliyefaa. Mtu mzima, mtulivu, anaijua leja ya ghala mpaka mahali panya wanapopenda kupita. Alinipa shikamoo ingawa ana mjukuu, nami nikatafuta pa kuficha uso. Wateja wakampenda, wakapandisha kidogo, akakubali. Ikabaki atoe kwa mwajiri wake ile notisi ya siku 28. Siku ya tatu akanipigia kwa furaha. Bosi wake alipoiona barua amemwongezea mshahara, basi anabaki palepale. "Mwenyezi Mungu akubariki sana, mwanangu," akaniambia. Hiyo ndiyo kamisheni niliyopata.

Nikaanza upya kutafuta. Jana jioni, kabla sijazima kompyuta, dada wa rasilimali watu kanipigia mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake. Nafasi imejazwa, ananishukuru kwa ushirikiano. Kapewa mpwa wa mkurugenzi. Ila ili faili likae vizuri, anaomba wasifu wa mpwa upite kwetu, tuunyooshe kidogo, urudi na barua yetu ya mapendekezo.

Nikamwambia barua ya mapendekezo hatuandiki kwa mtu tusiyemsaili, na tena kuna ankara ya mwezi wa tatu haijalipwa mpaka leo.

"Hiyo ankara itachelewa kaka, mhasibu wetu kaacha kazi," akasema. "Na vizuri umenikumbusha. Hebu chukua kalamu, tunatafuta mhasibu."